Stephen Hopkins ni yupi? Uchambuzi wa kisa cha mlowezi wa Mayflower

William Bradford, gavana wa koloni la Kiingereza la Plymouth huko Amerika, aliacha orodha ya abiria wote waliovuka Atlantiki kwa meli ya Mayflower mwaka 1620. Humo familia ya Stephen Hopkins imepewa mistari michache tu. Yupo Bwana Hopkins na mkewe Elizabeth. Wapo watoto wawili, Giles na Constance, aliowapata kwa mke wa awali, na wengine wawili wa mke huyu wa sasa, Damaris na Oceanus, huyu wa mwisho akiwa amezaliwa baharini. Halafu watumishi wawili, Edward Doty na Edward Leister.

Alitoka kijiji gani? Mke wa kwanza alikuwa nani, na alipatwa na nini? Mtu wa makamo aliyebeba mke mjamzito na watoto kuvuka bahari alikuwa wapi miaka yote ya nyuma? Bradford hakusema, na orodha yake yenyewe ilikaribia kupotea. Muswada wake ulitoweka Boston zama za vita vya uhuru, ukaja kuonekana London katika maktaba ya askofu, na ukachapishwa wote mwaka 1856. Kwa hiyo watafiti wa nasaba wa Marekani waliokuwa wakimtafuta Hopkins kabla ya hapo walikuwa wakipapasa gizani.

Gumu lilikuwa jina. Hopkins ni jina la ukoo lililoenea Uingereza, na Stephen lilikuwa la kawaida kwa wavulana wa wakati ule. Ukimtafuta mtu kwa jina hilo peke yake utampata kila mahali. Ndivyo ilivyotokea. Kwa miaka mingi vitabu vya nasaba vilimtaja kuwa ni Stephen Hopkins wa Wotton-under-Edge, Gloucestershire, wa familia ya wafanyabiashara wa vitambaa. Akapewa hata mke wa kwanza, Constance Dudley, bila shaka kwa kuwa binti aliitwa Constance. Maelezo hayo yalinakiliwa kitabu hadi kitabu, kila mwandishi akimtegemea aliyemtangulia. Kosa likinakiliwa mara kumi huanza kuonekana kama ushahidi kumi.

Mwaka 1998 mtafiti Caleb Johnson, aliyebeba kwa sadfa jina la mmoja wa wana wa Hopkins, alichapisha makala iliyobomoa hadithi ya Gloucestershire. Akili ya kazi yake ni nyepesi kueleza, ingawa kuifanya kunataka subira ya mtu wa kukaa na madaftari. Hakumtafuta Stephen. Aliwatafuta watoto. Stephen Hopkins ni wengi, lakini Stephen Hopkins mwenye Constance na Giles ndani ya nyumba moja, katika miaka inayolingana na umri wa watoto waliopanda Mayflower, hawezi kuwa na wenzake wengi. Akawakuta katika daftari la ubatizo la parokia ya Hursley, kijiji cha Hampshire karibu na Winchester: Constance amebatizwa tarehe 11 Mei 1606, Giles tarehe 30 Januari 1607. Mbele yao yuko dada mkubwa, Elizabeth. Mama yao ni Mary.

Hapo msomaji makini atashtuka. Kutoka Mei 1606 hadi Januari 1607 ni miezi minane na ushei. Mtu asiyezoea nyaraka za karne ile angeweza kuifunga daftari na kusema hawa si ndugu wa tumbo moja. Lakini Uingereza ya wakati huo ilianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, si Januari mosi. Januari iliyoandikwa 1607 ndiyo sisi tunayoiita Januari 1608. Watoto wamepishana miezi ishirini, na hakuna la ajabu. Kila anayefuatilia walowezi wa mwanzo wa Marekani hana budi kuliweka jambo hili kichwani, kwa sababu matukio yote ya Januari, Februari na sehemu kubwa ya Machi yana mtego huo.

Daftari la Hursley lina jambo jingine. Mary alizikwa tarehe 9 Mei 1613. Mirathi yake ilipofunguliwa, usimamizi wa mali haukwenda kwa mume. Walikabidhiwa watu wa pale kijijini, mpaka watoto watatu, Elizabeth, Constance na Giles, watakapokuwa wakubwa. Katika nyumba ya kawaida ya Kiingereza ya karne ya 17, mke akifa, mali iko mikononi mwa mume tangu mwanzo na hakuna cha kufungua. Ukiona mama ana mirathi yake na watoto wana wasimamizi, uliza baba yuko wapi. Kafa, au hayupo.

Huyu hakufa. Alikuwa ng'ambo.

Tarehe 2 Juni 1609 msafara wa vyombo tisa uliondoka bandari ya Plymouth, Uingereza, kupeleka watu na vifaa Jamestown, Virginia. Meli kuu, Sea Venture, ilimbeba gavana mpya, Sir Thomas Gates, pamoja na Admirali George Somers na watu kama 150 kwa jumla. Mwishoni mwa Julai ilikumbwa na kimbunga, ikatengana na wenzake, na tarehe 28 Julai ikakwama kwenye miamba ya Bermuda. Wote walifika nchi kavu salama. Kisiwa hakikuwa na wenyeji, lakini kilikuwa na nguruwe pori, samaki, kasa na ndege wasiojua kuogopa watu. Wakakaa huko karibu miezi kumi wakijenga vyombo viwili vya kuendelea na safari hadi Virginia.

Miongoni mwao alikuwapo William Strachey, aliyeandika taarifa ndefu ya mkasa huo mwaka 1610. Ilichapishwa miaka kumi na mitano baadaye. Ndani yake anatokea Stephen Hopkins, msaidizi wa mchungaji Richard Bucke, kazi yake kusoma zaburi wakati wa ibada. Strachey anakiri kwamba alikuwa mtu mwenye kuyajua Maandiko na hodari wa kujenga hoja. Ndicho kilichomponza. Mwezi Januari 1610 alianza kuwanong'oneza wenzake kwamba si dhambi wala si ukosefu wa uaminifu kumkatalia gavana, kwa sababu mamlaka ya Gates yalikoma meli ilipovunjika, na tangu hapo kila mtu alikuwa huru na utawala wa mtu yeyote. Aliongeza hoja ya tumbo: hapa Mungu ametupa chakula tele, na Virginia huenda tukabaki watumwa wa kampuni yenye koloni lile maisha yetu yote.

Wawili kati ya aliowaambia walikwenda kusema. Kengele ikapigwa, watu wakakusanywa, Hopkins akaletwa mbele yao amefungwa pingu, akahukumiwa kifo. Alilia na kusihi, akisema kwamba kosa lake litawaangamiza mkewe na watoto. Strachey anaandika kwamba watu wa heshima, pamoja na nahodha Christopher Newport na yeye mwenyewe Strachey, walimwendea gavana na hawakumwacha hadi alipotoa msamaha. Isionekane kwamba hukumu ilikuwa ya kutishia tu. Miezi miwili baadaye Henry Paine, aliyemdharau gavana hadharani, alipigwa risasi kweli.

Mimi naliona neno lile, mke na watoto, kuwa ndiyo pini inayoshikilia kisa chote. Halina majina. Lakini mwaka 1610 kuna mtu Bermuda aitwaye Stephen Hopkins aliyeacha mke na watoto Uingereza, na huko Hursley kuna familia ya Stephen Hopkins ambayo ubatizo wake unakoma ghafla baada ya Giles mwanzoni mwa 1608, na mama anakufa 1613 bila mume pembeni. Watoto hao wanajitokeza tena 1620 wakiwa na baba yao na mama wa kambo. Ndoa yenyewe imo: Stephen Hopkins alimwoa Elizabeth Fisher katika kanisa la St Mary Matfelon, Whitechapel, London, Februari 1618 kwa hesabu yetu. Hakuna waraka mmoja unaotamka kwamba aliyehukumiwa Bermuda ndiye aliyepanda Mayflower. Kuna mnyororo, na nguvu yake iko katika jinsi kila pengo la upande mmoja linavyojazwa na tukio la upande mwingine.

Baadaye, mwaka 2004, ilitolewa hoja kwamba alibatizwa Upper Clatford, Hampshire hiyohiyo, tarehe 30 Aprili 1581, mwana wa John Hopkins. Hiyo naipokea kama jambo linaloelekea kuwa kweli, na siipi uzito ule wa Hursley, maana hapo tumerudi kwenye jina la Stephen peke yake bila watoto wa kulithibitisha.

Kuna ushahidi mwingine unaopita katika tabia na maarifa. Tarehe 15 Novemba 1620, siku chache baada ya Mayflower kutia nanga Cape Cod, watu kumi na sita walishuka chini ya Myles Standish, kamanda wao wa kijeshi, kuchunguza nchi, wakipewa washauri watatu: Bradford, Edward Tilley na Hopkins. Wakiwa wamepotea msituni walikuta mti mchanga umepindwa na kufungwa, na mbegu za mwaloni zimemwagwa chini yake. Hopkins akasema huo ni mtego wa kulungu. Bradford, aliyekuwa nyuma, akasogea kuutazama, mti ukafyatuka ukamnasa mguu. Kisa hiki kimo katika taarifa iliyochapishwa London mwaka 1622, na kwa mtafuta nasaba si kichekesho tu. Mtu wa Hampshire aliyefika Amerika juzi angejuaje umbo la mtego wa wenyeji? Aliyekwisha kuishi Virginia angejua.

Siku nne kabla ya matembezi hayo palitokea jambo linalowavutia wanahistoria kuliko mtego. Hati waliyokuwa nayo abiria iliwaruhusu kukaa ndani ya mipaka ya Virginia, na Cape Cod ilikuwa nje yake. Bradford anasema baadhi ya abiria wasio wa kanisa la akina Bradford walitoa maneno ya uasi: wakishuka pwani watafanya wapendavyo, kwa kuwa hakuna mwenye mamlaka ya kuwaamrisha. Kujibu hilo, tarehe 11 Novemba wanaume 41 walitia saini maafikiano yanayojulikana kama Mkataba wa Mayflower. Hopkins alisaini. Doty na Leister, watumishi wake, nao walisaini.

Hoja ni ileile ya Bermuda: tukiwa nje ya mahali mamlaka yalipotolewa, mamlaka yamekwisha. Wapo wanaoandika bila kusita kwamba msemaji alikuwa Hopkins. Siwezi kwenda nao hadi huko. Bradford, aliyemjua Hopkins kwa zaidi ya miaka ishirini, hakutaja jina, na watu wasiopenda kutawaliwa melini hawakukosekana. Ninachoweza kusema ni hiki: katika meli ile, yeye ndiye tunayejua kwamba aliwahi kusimama na pingu kwa ajili ya hoja hiyo. Kisha siku nne baadaye viongozi walimteua kuwa mshauri wa Standish. Ama hakuwa yeye, ama walijua kwamba mtu wa namna hiyo ni afadhali umweke karibu na baraza kuliko umwache akinong'ona pembeni.

Plymouth ilimfaidi. Machi 1621, mwenyeji aitwaye Samoset alipoingia kijijini akiwasalimu kwa Kiingereza na kuwaacha vinywa wazi, walimlaza nyumbani kwa Hopkins, wakimlinda kwa hofu. Julai mwaka huohuo alitumwa pamoja na Edward Winslow kwenda kwa Massasoit, kiongozi mkuu wa Wapokanoket, wenyeji wa eneo hilo, wakiongozwa na Tisquantum, mwenyeji aliyekuwa mkalimani wao. Walimpelekea koti jekundu la mpanda farasi na mkufu wa shaba. Mkufu ulikuwa na kazi yake ya kidiplomasia: wageni walikuwa wakija Plymouth kwa wingi na kula akiba, hivyo waliomba kwamba atakayekuja na mkufu ndiye atakayetambuliwa kuwa katumwa na Massasoit. Massasoit aliwapokea vizuri lakini hakuwa na chakula. Usiku aliwalaza kitandani pake, mbao zilizotandikwa mkeka mwembamba, yeye na mkewe upande mmoja, wao upande mwingine, kisha watu wake wawili wakajibanza hapohapo. Samaki wawili waliochemshwa siku ya pili waligawanywa kwa watu kama arobaini. Kwa chawa, viroboto na mbu, na nyimbo za wenyeji za kujibembelezea usingizi, taarifa yao inasema malazi yaliwachosha kuliko safari.

Nyumbani mambo hayakuwa shwari vilevile. Juni 1621 Doty na Leister walipigana kwa upanga na jambia hadi wakajeruhiana. Wakahukumiwa kufungwa kichwa na miguu pamoja kwa saa 24, bila chakula wala maji, lakini haikupita saa moja wakafunguliwa kwa maombi yao na ya bwana wao. Mtu aliyeokolewa kwa maombi ya wengine Bermuda sasa ndiye anayeomba.

Miaka ya 1630 ndiyo yenye karatasi nyingi, na ndiyo inayopotosha zaidi. Hopkins alikuwa msaidizi wa gavana kuanzia 1633 hadi 1636, yaani mmoja wa waliokaa kitini kutoa hukumu. Juni 1636, akiwa bado na wadhifa, alitozwa faini ya pauni 5 kwa kumpiga John Tisdale, pamoja na shilingi 40 za fidia, mahakama ikisema kwamba amani ya mfalme aliyoivunja ndiyo hasa aliyopaswa kuilinda. Mwaka uliofuata alishtakiwa kuwaacha watu wakinywa na kucheza mchezo wa kusukuma visahani nyumbani kwake siku ya Jumapili. 1638, faini kwa kuuza bia peni 2 wakati thamani yake haikufika peni 1. 1639, faini kwa kuuza kioo cha kujitazamia peni 16, ilhali katika koloni jirani la Massachusetts kiliuzwa peni 9.

Ukisoma haya mfululizo unapata mlevi mgomvi na mlanguzi. Nashauri tahadhari. Mahakama haiandiki siku mtu alizouza bia kwa bei halali. Mwenye baa na duka katika kijiji chenye bei zilizopangwa atakuwa daftarini mara nyingi kuliko mkulima, awe mwema au mbaya.

Shauri moja, hata hivyo, siwezi kulitetea. Mwaka 1638 Arthur Peach na wenzake walimvamia mwenyeji mmoja wa kabila la Nipmuc aitwaye Penowanyanquis, wakampora na kumjeruhi vibaya, akafa. Peach na wawili wengine walinyongwa Septemba, Waingereza watatu kwa uhai wa mwenyeji mmoja, jambo ambalo makoloni hayakulirudia mara nyingi. Kisha ikajulikana kwamba Dorothy Temple, mtumishi wa Hopkins, ana mimba ya Peach. Mkataba wake ulibaki na miaka miwili. Mahakama ikaamua kwamba kwa muda huo Hopkins awatunze yeye na mtoto. Hopkins alikataa kabisa, akawekwa ndani kwa kudharau mahakama, na akatoka baada ya kumlipa John Holmes pauni 3 amchukue binti pamoja na mzigo wote. Juni 1639 Dorothy alihukumiwa kuchapwa viboko mara mbili. Alizirai katika awamu ya kwanza, ya pili ikaachwa. Yule aliyelilia huruma kwa ajili ya mkewe na watoto hakuwa nayo kwa mtumishi wake.

Wosia wake ni wa tarehe 6 Juni 1644, akitaka azikwe karibu na mkewe aliyetangulia. Kabla ya mwisho wa Agosti ulikuwa umethibitishwa mahakamani, kwa hiyo alifariki katika majira hayo. Na hapa kuna fundo la mwisho la kufungua, maana wosia unamtaja binti aitwaye Damaris. Nasaba nyingi zimemchukua kuwa ndiye mtoto mchanga wa Mayflower, aliyezaliwa Uingereza yapata 1618, akakua na kuolewa na Jacob Cooke.

Haiwezekani, na jibu limo katika hesabu za ng'ombe. Tarehe 22 Mei 1627 koloni liligawa mifugo yake ya pamoja, na kila mkazi akaandikwa kwa jina katika fungu lake, pamoja na watoto. Fungu la Hopkins lina Stephen, Elizabeth, Giles, Caleb na Deborah, pia Constance ambaye tayari ni mke wa Nicholas Snow. Damaris hayumo. Mtoto wa miaka minane au tisa asingeachwa, wakati wadogo zake wameandikwa. Alikuwa amekwisha kufa. Baadaye Bradford, akipiga hesabu ya nani kazaa nani, anasema Hopkins na Elizabeth walipata Plymouth mwana mmoja na mabinti wanne. Wosia una mwana mmoja wa ndoa hiyo, Caleb, na mabinti Deborah, Damaris, Ruth na Elizabeth. Wanne kamili. Damaris wa wosia ni wa pili, aliyezaliwa Plymouth baada ya mgao na kupewa jina la marehemu dada yake, kama wazazi wengi wa wakati ule walivyofanya. Hata Elizabeth mdogo anarudia jina la yule wa Hursley, ambaye hakupanda Mayflower.

Baba yao aliwagawia mabinti hao ng'ombe kwa majina. Ruth alipata Red Cole na ndama wake, Elizabeth akapata Smykins. Deborah na Damaris waligawana nusu kwa nusu ng'ombe aitwaye Motley, na Damaris akaongezewa ndama mwenye uso mweupe na mtamba ambaye wosia unamwita Damaris.